Masikio ya Mama Agnes

Niliingia dukani kwa Mzee Kaniki, pale Lushoto mjini, nikiamini nimeajiriwa kupiga chapa barua. Nilikuwa nimepanda kutoka Muheza wiki ile ile, nimevaa gauni la mikono mifupi, na baridi ya Julai ilinishika mpaka meno yakawa yanagongana. Mzee Kaniki alikuwa fundi redio. Alirekodi kwaya na vikundi vya ngoma kwa mashine za kanda tangu mimi sijazaliwa, na sasa alikuwa amenunua kompyuta yake ya kwanza yenye programu ya kurekodi muziki. Ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma, naye akiitazama kama anayemtazama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaijua hii?"

"Najua kuandikia barua, mzee."

"Barua wataandika wengine. Kaa hapa. Mikono yangu inatetemeka, kile kipanya kinanikimbia. Wewe utashika kipanya, mimi nitasikiliza."

Basi nikashika kipanya, na sikukiachia mpaka mwaka huu, magoti yangu yalipoikataa baridi ya milimani nikarudi Muheza. Nyie mliobaki dukani mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Mambo ya mshahara na vyeo nayaruka. Duka lilikuwa la watu wawili, na cheo kikubwa kilikuwa kukaa upande wa jiko.

Wateja wetu hawakuwa wanamuziki wa kulipwa. Walikuwa walimu, manesi, wakulima, wachuma chai, watu wenye kinanda chumbani na nyimbo kichwani. Walinunua kompyuta iliyotumika, wakapewa programu na rafiki, wakarekodi siku mbili, siku ya tatu kikaharibika kitu. Hapo ndipo walipotuita.

Mzee Kaniki alinifundisha kufuata njia ya sauti kwa mkono. Unaanzia mdomoni mwa mwimbaji, unakwenda kwenye maiki, unaufuata waya wote kwa vidole, unafika kwenye kile kisanduku cha kuingizia sauti, ndipo unaingia kwenye kompyuta, na unamalizia kwenye spika. Hairuhusiwi kuruka hatua. Na kabla hujagusa chochote, unamwuliza mwenye nyumba swali moja: kimebadilika nini? Mwanzoni niliona anapoteza muda. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa na haraka ya kubofya.

Kilichonitia adabu ni viazi. Bwana Athumani wa Magamba, mkulima mwenye sauti nzuri sana ya kaswida, alikuja analalamika kwamba programu yake imeharibika. Mwezi uliopita sauti yake ilikuwa imetulia, imekaa karibu. Sasa ilikuwa na mwangwi, kama anaimbia kisimani. Nilikwenda na vifaa vyangu vyote. Nikaifuta programu nikaiweka upya, nikabadilisha waya, nikaweka plagini ya kupunguza mwangwi, yaani kile kiprogramu kidogo kinachobandikwa ndani ya programu kubwa kufanya kazi moja. Sauti yake ikawa kama ya mtu aliyezibwa mdomo kwa mto. Nilihangaika siku nzima. Nilipomrudia Mzee Kaniki akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Anarekodia wapi?"

"Stoo."

"Stoo kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Ni tupu."

"Na mwezi uliopita?"

Mwezi uliopita ilikuwa imejaa magunia ya viazi mpaka darini. Magunia yalikuwa yanakunywa mwangwi. Bwana Athumani alikuwa ameuza mavuno na, bila kujua, ameuza na studio yake. Tulimwambia arekodie chumba cha kulala, kati ya kabati la nguo na godoro lililosimamishwa ukutani, na plagini zangu zote nikazitoa. Mzee Kaniki alicheka siku tatu. Mteja yeyote akiingia dukani na malalamiko, alinigeukia na kuniuliza, "Binti, huyu naye kauza viazi?"

Nazikumbuka safari zile kuliko kitu kingine. Kupanda bodaboda na kisanduku cha vifaa magotini, hedfoni shingoni, ukungu umelala kwenye miti ya mikaratusi, harufu ya moshi wa kuni na kabichi mbichi. Kwenye mashamba ya chai kulikuwa na mchumaji mmoja, Laurent, mtu wa Kigoma, mpiga gitaa. Aliniambia, "Dada, nikipiga leo inasikika kesho." Alipiga uzi, akasubiri, ndipo ukalia kwenye hedfoni. Tatizo lake lilikuwa bafa, ile akiba ya sauti ambayo kompyuta inajishikia kidogo kabla ya kuitoa. Akiba ikiwa kubwa sauti inachelewa, ikiwa ndogo mno inakatika katika. Wakati wa kurekodi unaipunguza, wakati wa kuchanganya sauti zilizorekodiwa unaiongeza. Ni kazi ya dakika mbili, lakini yule bwana alikuwa amejizoesha miezi mitatu kupiga mbele ya mdundo ili sauti ikichelewa ikutane nao. Nilipomrekebishia akawa hawezi tena kupiga sawasawa. Ilibidi ajifunze upya kuwa mtu wa kawaida.

Plagini za kukopiana kwenye flashi sizisemi sana, mnazijua. Kwenye kompyuta ya nesi mmoja nilikuta plagini mia na kitu na virusi karibu idadi hiyo hiyo, na wimbo mmoja ambao haujaisha.

Mzee Kaniki alifariki wakati wa masika, usingizini, redio ikiwa inaongea kando yake. Wanawe hawakutaka duka, wakaniachia. Kwa mwaka mzima sikuweza kukikalia kiti chake. Nilikiegemeza ukutani na kukiwekea waya.

Baada ya hapo ndipo likaja jambo ambalo hasa ndilo nimekaa chini kuliandika.

Kule Gare aliishi Mwalimu Stefano na mkewe, Mama Agnes. Mwalimu alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye sweta la kijivu alilolivaa mvua na jua. Alipiga kinanda na kutunga nyimbo kwa Kishambaa: za mavuno, za harusi, za kubembeleza watoto. Mama Agnes alikuwa mfupi, mwenye maneno ya haraka, na alitangaza kwa kila aliyeingia kwamba yeye hajui kuimba na hana hamu ya kujua. Mwalimu alikuwa na daftari la nyimbo zake, na alitaka zote zirekodiwe vizuri kabla hajazeeka. Alisema hivyo akiwa na miaka sabini na moja.

Alianza kuniita mara kwa mara. "Bi Rehema, sauti imeingia ukungu," aliniambia. "Zile sss na ttt za maneno zimepotea. Kinanda kimefunikwa blanketi."

Nikabadilisha waya. Nikaangalia maiki, nikaitoa unyevu kwa kuiweka karibu na jiko. Nikaweka draiva mpya, ile programu ya kukiongozea kile kisanduku cha sauti. Kila nilipokwenda nilimkuta ameongeza sauti za juu, zile nyembamba, kwenye programu, na kila mwezi ameziongeza zaidi. Mimi nikisikiliza nilihisi kama napitishiwa sindano sikioni. Nilimwuliza kimebadilika nini kwenye chumba, kwenye umeme, kwenye kompyuta. Yeye mwenyewe sikumwuliza. Alikuwa mwalimu, alikuwa mkubwa kwangu, na pia, nisiwafiche, nilipenda kwenda Gare. Mama Agnes alinipikia maharage ya nazi kwa kuwa mimi ni mtu wa Muheza na alidhani bila nazi sili.

Kisha ikaja harusi ya mpwa wake. Mwalimu alimtungia bibi harusi wimbo, akaurekodi, akanikabidhi niupige kwenye spika kubwa chini ya turubai. Nilibonyeza. Sauti ilitoka kama bati linalokatwa kwa kisu. Wanawake wa mstari wa mbele waliinamisha vichwa, watoto wakaziba masikio na kuanza kucheka, na bibi harusi akatabasamu kwa heshima huku jicho moja limefumba. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, uso umemkunjuka kwa furaha. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa anausikia wimbo wake bila ukungu.

Nikashusha sauti za juu kwenye mashine, taratibu. Watu wakainua vichwa. Mwalimu akaja kwangu.

"Bi Rehema, mbona imefunga tena?"

"Ni spika, Mwalimu," nikasema. "Spika zenyewe ni za kukodi."

Akatikisa kichwa akarudi mahali pake. Sikulala vizuri wiki ile.

Nilikwenda Gare siku nyingine na sauti ya kupimia. Ni mlio unaoanza chini kabisa kama ng'ombe anavyoguna, unapanda polepole mpaka unakuwa mwembamba kama wa mbu. Nilijiambia nakwenda kupima hedfoni zake. Leo naweza kusema kweli kwamba nilikuwa nimeshajua. Nikamvalisha hedfoni zake, nikachomeka na zangu pembeni, nikamwomba anyooshe mkono mlio ukiisha.

Ulianza. Ukapanda. Ulipofika pale ambapo filimbi ya kocha inalia, Mwalimu akanyoosha mkono. "Umeisha," akasema.

Masikioni mwangu ulikuwa unalia wazi kabisa na unaendelea kupanda. Nilitaka nimfiche. Lakini nilikuwa nimesahau kitu kimoja: kioo cha kompyuta kilikuwa mbele yetu sote wawili, na mchoro wa sauti ulikuwa unatembea, umejaa, haujapungua hata kidogo. Mwalimu wa hesabu akautazama ule mchoro. Akautazama mpaka ulipofika mwisho. Mkono wake ulikuwa bado uko juu.

"Bado ulikuwa unalia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwisho."

Akaushusha mkono, akavua hedfoni, akaukunja waya wake vizuri kama alivyozoea. "Na siku ya harusi," akasema, "hazikuwa spika."

"Hazikuwa spika, Mwalimu. Nisamehe."

"Watoto walikuwa wanacheka. Nilidhani wamefurahi."

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alinisindikiza mpaka barabarani kama kawaida, akasimama na mimi mpaka bodaboda ikaja.

Aliteremka Tanga hospitali. Akaambiwa ni umri, hakuna dawa, akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Kwa maongezi kilimsaidia. Mbele ya kinanda kilimpigia mluzi, akakitia kwenye droo. Kinanda nacho akakifunika. Masika yote yakapita hajaniita, nami sikuthubutu kwenda. Mlio wowote wa simu dukani niliukimbilia nikidhani ni Gare.

Siku ya soko akaingia Mama Agnes na kikapu cha plamu. Alipanda na kushuka kilima chote kile kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bi Rehema, njoo uichukue ile mashine au uje uifufue. Siwezi kukaa na mgosi, mume mzima, anayeangalia ukuta."

"Mama, mashine ni nzima. Ni masikio yake. Masikio sina plagini yake."

"Yangu si yapo?" akasema.

Nilidhani ni utani. Akaweka kikapu mezani na kuendelea kunitazama. "Miaka arobaini na sita nasikiliza kile kinanda nikiwa jikoni," akasema. "Akikosea najua. Simwambii tu."

Tukaanza upya, watu watatu mbele ya kompyuta moja. Mwalimu alikubali kwa shingo upande. Alikaa kwenye kiti chake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilimvalisha Mama Agnes hedfoni juu ya kilemba, nikampigia wimbo wa harusi.

"Hapo inachoma," akasema.

"Inachoma maana yake nini?" Mwalimu akauliza. "Hilo si neno la kitaalamu."

"Maana yake inachoma."

Nikashusha kidogo kidogo, mahali pamoja, mpaka akasema basi. Mwalimu akasogea. Akaangalia mchoro nilikoshusha, akachukua daftari na rula, akachora jedwali. Upande mmoja akaandika maneno ya mkewe, upande wa pili akaandika namba za mitetemo kwa sekunde. Mpaka jioni alikuwa amejua kwamba "inachoma" ya Mama Agnes ilikaa kati ya elfu tatu na elfu nne, "imejaa pua" ilikuwa kwenye elfu moja, "iko ndani ya debe" ilikuwa mia nne, na "imelala" ilikuwa kule juu ambako yeye hakufika tena. Tuliyarudia mara kadhaa tukimficha kioo, Mama Agnes akaangukia pale pale. Nimefanya kazi na watu waliosomea mambo haya, sijaona masikio kama yale.

Ugomvi haukukosekana. Mwalimu aliangalia mchoro na kusema hapa pamepungua, aongeze. Mama Agnes alisema akiongeza anavua hedfoni anakwenda kupika. Mara moja alivua kweli. Tulimngoja mpaka ugali ulipoiva, Mwalimu akaenda mwenyewe jikoni akamwambia, "Haya, mama, nimepunguza. Njoo usikie." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa mjane wa miaka mingi wakati ule, na niliangalia pembeni.

Tulimaliza nyimbo kumi na nne. Tulizipiga kwenye ubatizo wa mjukuu wao wa kwanza, uwanjani pale nyumbani, na nilimwona Mwalimu hatazami spika. Alikuwa anatazama watoto. Hakuna aliyeziba sikio. Mmoja mdogo, wa miaka minne hivi, alilala usingizi katikati ya wimbo wa kubembeleza, mdomo wazi, kwenye kiti cha plastiki. Mwalimu akaja akaniminya bega, akaondoka.

Miaka ilipokwenda hata sauti za katikati zikaanza kumtoka. Aliendelea kutunga. Vidole vilijua vinakokwenda, na mengine aliyasoma kwenye mchoro na usoni kwa mkewe.

Mwezi mmoja kabla sijaondoka Lushoto nilikwenda Gare kuaga. Mvua ilikuwa inatishia. Mama Agnes alinivalisha hedfoni, akanisukuma mbele ya maiki. Kuna wimbo ulikuwa na sauti ya pili inayokosa mtu, akasema.

"Mama, mimi siimbi. Mimi ni fundi."

"Na mimi nilikuwa mpishi. Imba."

Miaka yote ile sikuwahi kukaa upande ule wa maiki. Nilijua kila waya wa chumba kile, lakini nilipoiona ile taa nyekundu ya kurekodi nilisahau hata neno la kwanza. Nilirudia mara tano. Mama Agnes hakunionea huruma: mara nimejaa pua, mara nimelala. Mara ya sita akaniashiria kwa mkono kwamba imetosha. Nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia kama mvua imefika, kwa sababu sikutaka wanione nalia. Baadaye tulikunywa chai, nikaaga, bodaboda ikaja.

Sasa niko Muheza. Kuna joto, kuna machungwa, wajukuu wananipenda. Watu hapa hawana habari ya bafa. Asubuhi naamka nikitafuta sweta, kisha nakumbuka niko wapi. Wakati mwingine nafika mpaka kituoni kuangalia magari yanayokwenda Mombo, njia ya kupandia Lushoto, bila safari.

Mwezi uliopita Mama Agnes alimwomba jirani anitumie lile faili la wimbo nilioimba kwenye simu. Ni lenyewe kama lilivyorekodiwa, halijakatwa. Nimelisikiliza. Sauti yangu si mbaya sana. Imejaa pua kidogo. Wimbo unaisha, unasikika mlango ukifunguliwa, kisha matone ya kwanza yanagonga bati. Hawakuwa wamezima. Taa ilikuwa bado inawaka nami niko uani, nafuta uso kwa khanga.

Kwenye kimya kile Mwalimu anauliza, kwa sauti kubwa kama wanavyosema watu wasiosikia vizuri, "Ameshaondoka?"

Na Mama Agnes, karibu kabisa na maiki, anamjibu taratibu ili aisome midomo yake, "Bado. Yupo hapa hapa."